Anza na Namba: Jinsi ya Kusoma Tiketi ya Zamani ya Reli

Mtu akikupa tiketi ya zamani ya treni, ile kadi ngumu ndogo inayoenea kwenye kiganja cha mtoto, jicho lako litakimbilia majina ya vituo: imetoka wapi, imekwenda wapi. Kisha utatazama rangi, halafu daraja, halafu nauli, na huenda ukashangaa jinsi nauli ilivyokuwa ndogo. Namba iliyopigwa kwenye ncha ya kadi utaiona mwisho, kama utaiona. Mwongozo huu unakushauri ugeuze utaratibu huo na kuanza na namba, kwa sababu tiketi ya kadi haikubuniwa kumfaa abiria. Ilibuniwa ili mwenye reli aweze kumchunga karani aliyeketi peke yake nyuma ya dirisha, mbali na makao makuu, akipokea fedha taslimu kutwa nzima. Jina la kituo, rangi na nauli ni maelezo tu, bali namba ndiyo inayofanya kazi. Ukishalielewa hilo, kila alama iliyo kwenye kadi itakuonyesha nani alikuwa akimtilia shaka nani, na kile ulichodhani ni kumbukumbu ya safari kitajidhihirisha kuwa ni hati ya hesabu.

Ili uione kazi ya namba, tazama kwanza hali ilivyokuwa kabla yake. Reli za kwanza za abiria nchini Uingereza zilirithi utaratibu wa magari ya farasi. Abiria alifika ofisini, karani akafungua kitabu chenye vishina, akaandika kwa mkono mahali anapokwenda, tarehe, nauli, na mara nyingi jina lake, kisha akachana kipande na kumpa. Kwa gari la farasi lenye watu kumi na kitu, kazi hiyo iliwezekana. Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, watu walikuja kwa mamia, na kalamu ya karani ikawa ndiyo inayochelewesha treni. Lakini kuchelewa kulikuwa tatizo dogo. Kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyeweza kumhakiki karani. Kishina aliandika yeye, kipande aliandika yeye, na kama aliandika shilingi mbili upande mmoja na shilingi moja upande wa pili, makao makuu yangejuaje? Reli ya Leicester na Swannington, iliyofunguliwa mwaka 1832, ilijaribu njia nyingine: vipande vya shaba vyenye pembe nane vilivyochongwa jina la kituo na namba, ambavyo mlinzi wa treni alivikusanya mwisho wa safari na kuvirudisha vilikotoka ili vitumike tena. Vilidumu kuliko karatasi, lakini kitu kinachorudi mikononi mwa karani kila siku hakiwezi kutoa hesabu ya kudumu ya alichouza jana.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa Thomas Edmondson, mzaliwa wa Lancaster mwaka 1792. Alikuwa fundi wa samani aliyewahi kufanya kazi katika karakana mashuhuri ya Gillow, na muumini wa Marafiki (Quakers), dhehebu ambalo wasomaji wa Kaimosi na Vihiga, magharibi mwa Kenya, hawahitaji kuelezwa. Biashara yake ya Carlisle ilifilisika, naye akaajiriwa na Reli ya Newcastle na Carlisle kusimamia kituo kidogo cha Milton, karibu na Brampton, mwaka 1836. Huko ndiko alikoanza kukata vipande vya kadi, kuvipiga chapa ya safari zinazojulikana, na kuvipa namba kwa mfuatano kabla ya abiria yeyote kufika. Fundi saa wa Carlisle, John Blaylock, alimsaidia kuunda mashine ya chuma ya kupiga tarehe: karani alisukuma kadi ndani ya mwanya na tarehe ikabanwa kwenye ncha yake. Waajiri wake hawakuvutiwa sana. Reli ya Manchester na Leeds ilivutiwa, ikamchukua mwaka 1839 kwa mshahara mkubwa zaidi, na kutoka hapo utaratibu wake ukaenea. Aliwatoza waliotaka kuutumia shilingi 10 kwa mwaka kwa kila maili ya njia yao, hivyo reli ya maili 30 ililipa pauni 15. Zingatia kwamba hakutoza kwa idadi ya tiketi. Alikuwa akiuza utaratibu mzima wa kazi, na fedha hizo zilimwezesha kuwalipa waliokuwa wakimdai tangu alipofilisika. Alifariki mwaka 1851. Kipimo cha kadi yake, takribani milimita 57 kwa 30.5 na unene usiotimia milimita moja, kilienea Ulaya, India, Japani na Afrika, na Uingereza kwenyewe reli ya taifa haikuacha kukitumia hadi mwaka 1990.

Sasa ingia ofisini kwa karani uone kazi inavyokwenda. Pembeni mwa dirisha kuna kabati lenye vishubaka vya wima, kila kishubaka kikiwa na tiketi za aina moja: kituo fulani, daraja fulani, kwenda tu au kwenda na kurudi. Tiketi zimepangwa kwa namba, ndogo ikitangulia kutoka, na kando ya kishubaka kuna kibao kidogo cha kuandikia. Asubuhi karani anaandika namba iliyo mbele, tuseme 0412. Jioni iliyo mbele ni 0437. Ametoa tiketi 25, na kama nauli ni shilingi mbili, lazima awe na shilingi 50. Hakuna haja ya kumuuliza aliuza ngapi, wala haja ya kuandika jina la mtu. Mkaguzi anaweza kufika siku yoyote bila taarifa, akasoma vishubaka vyote, akatoa, akazidisha, akajumlisha, akahesabu fedha za sandukuni. Uchapaji wenyewe ulifuata nidhamu hiyo: tiketi zilichapwa kwa namba kuanzia 0000 hadi 9999, na bunda lililopokewa kituoni lilitiwa saini, kwa hiyo kadi tupu ambayo bado haijauzwa ilikuwa tayari ni deni la karani.

Utapinga, na una haki ya kupinga, kwamba tiketi ni stakabadhi ya abiria: amelipa, amepewa ushahidi, na bila ushahidi huo angeshushwa njiani. Ni kweli, lakini fuatilia kadi hiyo hadi mwisho wa safari. Mlangoni mwa kituo anachoshukia abiria husimama mtu wa reli, ananyoosha mkono na kuichukua tiketi. Stakabadhi gani hii ambayo mlipaji haruhusiwi kubaki nayo? Tiketi zilizokusanywa zilipangwa kwa vituo na namba zikapelekwa kwa wakaguzi, walinganishe zilizouzwa huku na zilizofika kule. Kampuni za reli za Uingereza ziliunda hata ofisi maalumu ya kugawana mapato kati yao, ikaanza kazi Januari 1842, kwa sababu abiria aliweza kukata tiketi moja na kupita juu ya reli za kampuni tatu. Geuza kadi nyuma, nako mara nyingi utakuta maneno madogo yanayomfunga abiria kwa masharti ya kampuni. Upande wa mbele ulikuwa kwa ajili ya mkaguzi, upande wa nyuma kwa ajili ya mwanasheria, na abiria aliazimwa kadi kwa muda wa safari tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kusoma ni hii: andika namba, kituo ilikotolewa, kituo inakokwenda, daraja, aina ya safari, na tarehe iliyopigwa. Tiketi moja peke yake itakuambia machache. Mbili za mfululizo mmoja zitakuambia mengi. Chukua mfano wa kubuni: una tiketi mbili za daraja la tatu, kutoka kituo kilekile kwenda kituo kilekile, zote za kwenda tu, moja ni namba 2140 ya tarehe 3 Machi, nyingine ni namba 2506 ya tarehe 14 Machi ya mwaka uleule. Tofauti ni 366 katika siku 11, yaani wastani wa tiketi 33 kwa siku. Kwa kadi mbili ambazo mwenzako angezitundika ukutani kama mapambo, umepata makadirio ya msongamano wa safari ambayo pengine hakuna ripoti ya mwaka iliyowahi kuyachapa kwa kiwango hicho. Ripoti za reli hujumlisha njia nzima, lakini tiketi husema habari za kituo kimoja na dirisha moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wakusanyaji wazoefu hulitoa haraka: namba ilipofika 9999 ilirudi 0000, kwa hiyo namba ndogo haimaanishi mwanzo wala namba kubwa haimaanishi wingi. Ongeza kwamba kituo kikubwa kilikuwa na madirisha kadhaa, kila dirisha na bunda lake. Kwamba kila daraja na kila aina ya safari ilihesabiwa mbali. Na kwamba bunda jipya lingeweza kuletwa likiwa na mpangilio tofauti wa maandishi. Yote ni kweli, na yote yanakufundisha namna ya kutumia namba, wala hayakukatazi kuitumia. Usilinganishe kadi mbili mpaka uwe umehakikisha kwamba zimetoka uchapaji mmoja: herufi za aina moja, mistari mahali pamoja, maneno yaleyale nyuma. Pendelea zilizo karibu kwa tarehe, maana katika siku kumi kituo cha wastani hakimalizi tiketi elfu kumi za njia moja. Na ukipata matokeo ya ajabu, kwa mfano namba iliyorudi nyuma wakati tarehe imesonga mbele, usiitupe. Ama mfululizo umeanza upya, ama kulikuwa na dirisha la pili, ama mtu fulani aliruka utaratibu, na kila jibu kati ya hayo ni habari.

Tarehe nayo ina mitego yake. Mashine ya kupiga tarehe iliacha alama kwenye ncha ya kadi, wakati mwingine kwa wino wa utepe, wakati mwingine kwa kubonyeza tu bila wino, na nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili. Kadi ikielekezwa kwenye mwanga wa kutokea ubavuni, si wa juu, mabonyeo yasiyo na wino huonekana. Jaribu hivyo kabla ya kuamua kwamba tiketi haina tarehe. Baada ya hapo uamue karne, na hapo ndipo majina ya kampuni, madaraja na sarafu yanapopata kazi yao. Kwa tiketi ya Uingereza, herufi za kampuni tatu kati ya zile kubwa nne za mwaka 1923 haziwezi kuwa za kabla ya hapo (ya nne, Great Western, ilibaki na jina lake la zamani), na jina la reli ya taifa halionekani kabla ya 1948. Daraja la tatu lilibadilishwa jina kuwa la pili Juni 1956, kwa hiyo kadi inayotaja la tatu ilichapwa kabla ya hapo. Nauli ya shilingi na peni za kale inakupeleka kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku Waingereza walipohamia hesabu ya mamia.

Huku kwetu alama za namna hiyo ni tele, kwa sababu reli zetu zimebadilisha majina mara nyingi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901 iliitwa Reli ya Uganda, na makarani na masteshenimasta wake wengi wa mwanzo walitoka India pamoja na rupia zao na taratibu zao za ofisi. Usidanganyike na jina hilo: mwenye tiketi ya Reli ya Uganda aliweza kuwa anatoka Mombasa kwenda Voi, na treni haikufika Kampala hadi mwaka 1931. Katika miaka ya 1920 jina likawa Reli ya Kenya na Uganda. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walianza njia ya Tanga mwaka 1893, wakafikisha njia ya kati Kigoma mwaka 1914, na nauli iliyoandikwa kwa heleri haiwezi kutangulia mwaka 1904, heleri zilipochukua nafasi ya sarafu ndogo iliyoitwa pesa katika kuigawa rupia yao. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa pamoja na bandari. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 shirika la pamoja likavunjika na kila nchi ikabaki na lake. Rupia iliondoka mwaka 1920, ikapita florini kwa muda mfupi mno, na shilingi ikashika tangu 1921. Shilingi peke yake haitakusaidia baada ya hapo, maana mwaka 1966 kila nchi ilitoa yake na zote zikaendelea kuitwa shilingi.

Lakini tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: siku tiketi ilipochapwa na siku ilipouzwa. Maandishi ya kampuni yanaeleza uchapaji. Alama ya tarehe inaeleza mauzo. Kati ya hayo mawili huweza kupita miaka mingi. Uingereza, baada ya reli kutaifishwa mwaka 1948, vituo vidogo viliendelea kwa miaka kutoa tiketi zenye majina ya kampuni zilizokwisha kufa, kwa sababu tu bunda halikuwa limekwisha. Mkaguzi wa hesabu hakuwa na haja ya kuzitupa: namba zilikuwa sahihi, na hilo lilimtosha. Mkusanyaji huiona kadi ya namna hiyo kama kosa la kuchekesha, lakini kwa msomaji wa namba ni mgodi. Ukikuta jina la kampuni iliyokufa mwaka 1948, tarehe ya mauzo ya 1955, na namba 0037, umejua kwamba katika muda wote huo watu wasiofika arobaini walikata tiketi ya safari hiyo, ya daraja hilo, katika kituo hicho, mradi umehakikisha kwamba namba haijazunguka. Kwenye kituo cha namna hiyo, kuzunguka ni jambo gumu kufikirika. Hakuna alama nyingine juu ya kadi inayoweza kukupa hilo, si rangi wala si uzuri wa herufi. Rangi kila reli ilijipangia yenyewe, na usipojua mpangilio wa reli husika itakupotosha.

Sasa tazama majeraha ya kadi, yaani matundu, mikato na pembe zilizoondolewa. Wapo wanaosema kwamba mtambo huu wote wa namba ulikuwa kiini macho, kwa sababu karani mwizi hakukosa njia. Angeweza kuelewana na mpokea tiketi mlangoni, akarudishiwa kadi zilizokwisha kutumika, akaziuza tena na kutia fedha mfukoni bila kugusa bunda. Ndiyo, hilo liliwezekana, na kadi zenyewe zinaonyesha kwamba reli zililijua. Koleo ya kutobolea iliyoshikwa na mkaguzi wa treni iliacha tundu la umbo lake, nyota, moyo, herufi au pembetatu, na umbo hilo lilionyesha ni wapi au ni nani aliyetoboa. Japani iliendeleza desturi hii hadi kila kituo kikubwa kikawa na umbo lake. Kadi yenye tundu haiuziki tena. Tiketi ya kwenda na kurudi ilibeba namba kwenye nusu zote mbili, ili kila nusu ijibu yenyewe. Mtoto aliyelipa nusu nauli mara nyingi alipewa kadi ya mtu mzima iliyokatwa pembe, na kile kipande kidogo chenye namba karani alikihifadhi na kukipeleka kwa wakaguzi, kwani bila kipande hicho alihesabiwa kuwa amepokea nauli kamili. Kwa hiyo pembe iliyokatika kwa mkasi, tofauti na iliyochakaa, inakuambia kwamba abiria wako alikuwa mtoto. Hakuna aliyeandika hivyo kwa maneno, lakini shaka ya mkaguzi imekuachia ushahidi. Wizi haukuisha. Ulianza kuhitaji watu wawili badala ya mmoja, na watu wawili huweza kugombana.

Kuna pingamizi lingine ambalo ningeliweka juu ya yote. Ikiwa tiketi zilikusanywa mwisho wa safari, basi iliyoko mkononi mwako ni ile iliyoponyoka, na iliyoponyoka haiwakilishi zilizotii. Jiulize kila mara imeponyoka vipi. Haina tarehe wala tundu? Huenda haikuuzwa kamwe, ilitoka bundani kituo kilipofungwa. Ina tarehe lakini haina tundu? Abiria hakusafiri, au alisafiri bila kukaguliwa. Ni nusu ya kurudi? Mwenyewe hakurudi, au alirudi kwa njia nyingine. Imeandikwa au kutobolewa neno la kuonyesha kwamba ni sampuli? Ilitumwa ofisini ili wakaguzi waitambue. Ni ya siku ya mwisho ya njia fulani? Basi imenunuliwa na mpenzi wa reli kwa makusudi ya kuihifadhi, na namba za siku hiyo zimevimba kwa sababu ya watu kama yeye, kwa hiyo usizitumie kukadiria safari za kawaida. Kwa namba pekee, hata hivyo, kasoro hii ya kuponyoka ina dawa: kadi iliyosalia inabeba habari za zile zisizosalia. Namba 2506 inashuhudia juu ya 2505 iliyochomwa moto zamani. Rangi ya kadi moja haisemi chochote juu ya jirani zake.

Mashine za kutoa tiketi zilipokuja, mtindo wa kusoma ulibadilika bila shabaha kubadilika. Kwenye tramu za Uingereza, kampuni ya Bell Punch, iliyoundwa London mwaka 1878, ilieneza kifaa alichovaa kondakta kifuani: alitia tiketi ya karatasi iliyokwisha chapwa, akabonyeza, kengele ikalia, tundu likatoka, na kile kikaratasi kilichotobolewa kikabaki ndani ya kifaa kilichofungwa kwa ufunguo pamoja na kihesabio. Uzuri wa kengele ni kwamba ilimfanya abiria kuwa shahidi bila kulipwa. Asiposikia mlio, alijua nauli yake imeingia mfukoni. Baadaye zikaja mashine zilizochapa tiketi papo hapo kutoka kwenye roli ya karatasi, kama zile za Setright, na makabati ya vishubaka yakaanza kuonekana mzigo: kituo kikubwa kilihitaji maelfu ya kadi za aina mbalimbali ambazo nyingine hazikuuzwa mwaka mzima. Kwa tiketi ya mashine, usitafute namba ya njia, maana haipo. Namba hapo ni ya mashine: kila tiketi, ya kwenda popote, huchukua namba inayofuata. Utakachopima kwa kutoa namba mbili ni shughuli ya mashine hiyo moja au kondakta huyo mmoja, si wingi wa wasafiri wa njia fulani. Mwaka 1986 reli ya Uingereza ilianza kutumia mashine za kielektroniki zilizotoa tiketi za ukubwa wa kadi ya benki zenye utepe wa sumaku, na hesabu zikawa zinasafiri ndani ya kumbukumbu ya mashine. Tangu hapo tiketi haikuwa tena ushahidi mkuu wa mauzo, na ndiyo maana tiketi za karibuni, japo zimejaa maandishi, zina machache ya kukufundisha.

Utasema mwisho kwamba hati isiyo na jina la mtu haiwezi kuwa historia ya watu. Katika reli za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni hilo ni shutuma ya haki kwa kiasi fulani. Daraja la kwanza kwa kawaida lilikuwa la Wazungu, la pili la Waasia, la tatu la Waafrika, na kadi ilisema daraja tu, ikaacha ubaguzi uonekane kana kwamba ni suala la nauli. Lakini fikiria kinyume chake. Ripoti na picha za zama hizo zimejaa wasafiri wa daraja la kwanza, wakati vishubaka vya daraja la tatu ndivyo vilivyomalizika mapema, na namba haikujua kupendelea. Mwenye bahati ya kupata kadi za madaraja mawili kutoka kituo kimoja anaweza kuzilinganisha mwenyewe. Kuhusu jina, lilikuwepo kabla ya Edmondson, kwenye vitabu vya magari ya farasi. Yeye ndiye aliyelifanya lisihitajike. Sasa limerudi: anayesafiri kwa treni ya kisasa ya Mombasa na Nairobi, au ya Dar es Salaam na Dodoma, hutoa kitambulisho ili akatiwe tiketi. Aliyekuwa akichungwa zamani ni karani peke yake. Siku hizi kompyuta inawachunga wote wawili, na abiria ndiye anayeacha alama kubwa zaidi.

Inabaki basi kazi ya utunzaji, ambayo ukiikosea hakuna kusoma tena. Kadi ngumu huvumilia, lakini haipendi unyevu wa pwani wala wadudu wanaokula gundi na karatasi. Iweke ndani ya bahasha au kifuko cha polyesta, kisha ndani ya sanduku lisilopigwa jua. Usiipeleke leminesheni, usiibandike kwa selotepu, usiandike juu yake hata kwa penseli. Tiketi za mashine zilizochapwa kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto hufutika kama risiti za EFD, na mifuko laini ya plastiki ya vinili huharakisha kufutika. Zipige picha leo, mbele na nyuma, kabla ya kufikiria mahali pa kuziweka. Kwenye daftari lako andika kwanza namba, kisha mengine, pamoja na ulivyoipata na ilikuwa pamoja na zipi. Ukikuta bunda zima limefungwa kwa uzi, au boksi la kituo kilichofungwa, usikimbilie kupanga kwa rangi au kwa vituo. Andika mpangilio ulioukuta, kadi kwa kadi, na mahali ambapo namba imeruka acha nafasi wazi na uiandike hiyo nafasi nayo, kwa sababu kadi iliyokosekana katikati ya bunda ndiyo iliyouzwa, au iliyoibwa, na wewe ndiye mkaguzi wa mwisho atakayewahi kuuliza iko wapi.